Uzi Uliofungwa kwa Bi Mdogo

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako, na naomba unijibu kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo shemeji yangu anakuja na mafundi wake kumalizia banda letu, na banda hilo likimaliziwa na watu wengine mume wangu hatalipenda tena, na sababu itakuwa mimi.

Nianze mwanzo. Mume wangu alikuwa karani wa posta, akastaafu, na kwa kiinua mgongo chake badala ya kununua kiti cha kupumzikia akanunua trekta dogo jekundu, lenye koleo la kuzolea udongo mbele na keekee ya kuchimbia mashimo nyuma, akaliweka uani akalifunika kwa shuka langu zuri, nami nikasema hapa nimeletewa mke mwenza, na tangu siku hiyo nyumba nzima tunaliita Bi Mdogo. Kisha akatangaza kwamba atajenga banda la nguzo yeye mwenyewe, la kuwekea nyasi za mbuzi na kumlaza Bi Mdogo, hakuna msingi wa mawe, unazamisha nguzo nane ardhini, nne huku nne huku, unapandisha kenchi za paa, unaezeka bati, basi. Shemeji, ambaye ni mkandarasi, alicheka mpaka akapaliwa. "Kaka," akasema, "banda si barua, ukikosea huwezi kulirudisha kwa aliyetuma."

Mshauri, sijawahi kumwona mume wangu na furaha kama ile. Akiamka tu anapiga mluzi. Mimi nami nimebeba mbao, nimeshika pimamaji, nimeshindilia udongo kwenye nguzo mpaka viganja vikaota sugu, na muda wote huo tunacheka kama watu waliooana juzi.

Sasa siri yangu. Kila asubuhi mume wangu hutembea mpaka dukani kununua mkate na gazeti hili, na asubuhi moja nikapanda juu ya Bi Mdogo nione tu dunia ikoje kutoka pale, nikageuza ufunguo, akanguruma, na mimi mwenye miaka hamsini na sita, ambaye sijawahi kuendesha hata baiskeli, nikazunguka shamba zima nikiimba. Kesho yake nikarudia. Sasa ni kila siku, naenda mbele, narudi nyuma, nainua koleo, nalishusha, na bahati nzuri mume wangu siku hizi ana kikohozi, akifika langoni anakohoa sana, basi nikisikia tu nazima na kuingia jikoni. Mwanzoni nilikuwa nakivuta kiti mbele, maana yeye ni mrefu kama mlingoti na mimi ni kibeti, halafu nakirudisha nyuma, lakini siku hizi nakikuta tayari kiko mbele, nadhani nasahau kukirudisha, ni umri. Hata klachi imekuwa rahisi, kuna kipande cha ubao kimefungwa juu ya pedeli, sijui cha nini, ila mguu wangu sasa unafika vizuri.

Balaa lilikuja hivi. Kwenye safu ya pili ya nguzo, kupita kidogo mahali pa nguzo ya mwisho, ardhi ni mwamba, kigingi kikakataa kuingia, basi jioni mume wangu akaufunga uzi wa kunyooshea safu kwenye koleo la Bi Mdogo, akasema, "Huyu hatikisiki, kesho nitapiga alama za chokaa kufuata uzi." Asubuhi akaenda dukani. Nikaufungua uzi, nikazunguka mzunguko wangu, nikamrudisha Bi Mdogo palepale, au nilivyodhani ni palepale, nikaufunga uzi kama nilivyoukuta. Akarudi, akapiga chokaa, akachimba, tukasimamisha. Kenchi tulikuwa tumezipigilia misumari zikiwa chini, zote kwa kipimo kimoja, na tulipozipandisha ya tatu ikashika kwa ncha tu, na ya mwisho haikufika kabisa, ilipungua shubiri mbili, kama shati linalokataa kufungika tumboni.

Mume wangu alifumba jicho moja akaitazama safu. Nguzo mbili za mwisho zimetoka nje. Akasema, "Ni macho yangu, mke wangu. Macho yamezeeka." Mshauri, niliumia. Akasema tena, "Zege bado hatujamwaga. Ningepata mtu wa kukaa kwenye usukani, mimi nikakaa na nguzo, hizi mbili tungezing'oa na kuzirudisha kwa asubuhi moja. Lakini nitampata wapi?" Akaniangalia. Nami nikakimbilia jikoni kutazama maharage ambayo hata sikuwa nimeyabandika.

Tangu hapo mluzi umekoma. Shemeji alipopiga simu kuuliza, mume wangu akamjibu, haya, njoo na watu wako. Hata dukani anakawia siku hizi, anasema kuna foleni ya mkate. Nikisema ukweli atajua nilimharibia kazi na kwamba namwibia trekta lake kila asubuhi, nikinyamaza ataamini mpaka kufa kwake kwamba macho yake ndiyo yaliyoshindwa, na niseme wazi, Mshauri, sitaki kuacha kumwendesha Bi Mdogo. Nifanye nini?

Mke Mkubwa

*

Mke Mkubwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilicheka mpaka chai ikamwagika mezani.

Tuanze na kosa lako, maana lipo. Uzi wa mjenzi ukiukuta umefungwa, unapita kando. Huufungui ukaurudishia kwa kukisia, kama mtoto aliyeonja sukari akasawazisha juu kwa kijiko. Lakini kosa la mumeo ni kubwa kuliko lako. Kigingi chenye magurudumu nimekisikia kwenu tu. Miaka yote ile posta hakujifunza kwamba kitu chenye magurudumu kazi yake ni kuondoka? Shubiri mbili hizo mgawane, kila mtu abebe yake.

Sasa amka, mama. Kiti unakikuta mbele, na unasema ni umri. Kama ungekuwa unakisahau wewe, mlingoti wako angepanda akakuta magoti yake kidevuni, akakisukuma nyuma kabla ya shimo la kwanza. Anachimba kutwa kikiwa nyuma, na asubuhi wewe unakikuta mbele. Nani amekivuta? Na ule ubao wa klachi, kwa mguu wa nani? Wake haujapungua hata kidogo. Injini ya dizeli nayo hainong'oni, duka zima linaisikia. Hakuna foleni ya mkate, bibi. Kuna mtu amesimama na mkate kwapani, anakusubiri umalize raha zako, na akifika langoni anakohoa ili usifumaniwe. Kikohozi gani hicho kinachokuja langoni tu?

Anajua. Amejua siku nyingi. Aliposema ni macho yake alikuwa anakusitiri, na aliposema dereva nitampata wapi alikuwa anakuomba. Mtu kakuangalia usoni kakuomba, wewe ukakimbilia maharage yasiyokuwepo. Mluzi haukukomeshwa na nguzo. Hapo nakugombeza bila kutabasamu.

Fanya hivi. Mpigie shemeji leo, mwambie Jumamosi aje na njaa, nyundo aache kwake. Halafu kaa kwenye usukani mchana kweupe, mumeo akiona. Mlegeze kwanza udongo kuzunguka nguzo, yeye afunge mnyororo kwenye nguzo na kwenye koleo, na wewe uinue koleo taratibu, juu moja kwa moja, usivute pembeni. Asisimame chini ya koleo wala upande ambao nguzo inaweza kuangukia, hata akikwambia yeye ni mzoefu. Ishara za mikono mkubaliane kabla ya kuwasha, na mkianza kubishana, zima injini kwanza ndipo mbishane. Kuhusu ule mwamba, jazeni ndoo zege, msimamishe kipande cha nondo katikati, ikikauka mfunge uzi hapo. Ndoo haina ufunguo, hutashawishika kuiendesha.

Na asubuhi zako usiziache. Ila usirudi kuimba peke yako kama mwizi. Mtu aliyekukatia ubao wa pedeli anastahili kukuona ukiendesha.

Nilitaka kukushauri utafute saa nzuri ya kumwambia, lakini tumechelewa sote. Gazeti hili ananunua yeye. Saa hii anausoma ukurasa huu amesimama dukani, na wewe uko shambani unazunguka. Kwa hiyo mistari iliyobaki si yako, ni yake.

Bwana, dereva umempata. Kunja gazeti, nenda nyumbani, na leo ukifika langoni usikohoe.