Langoni Yuko Baba

Nyumbani kwetu,
Chumba cha mbele, meza ya kompyuta,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu hizi nazituma nikiomba zikukute umeketi, maana nakujua: barua huisoma umesimama, koti likiwa bado mwilini, kisha ukasahau nusu ya ulichokisoma. Keti. Mwite wifi yangu, waite na watoto, uwasomee kwa sauti, kwa kuwa ninayoyaandika ni ya nyumba nzima. Hujambo lakini? Kile kikohozi ulichokuwa ukikimeza kwenye simu kimekwisha, au bado unanificha? Wifi mgongo wake unaendeleaje tangu ahamishiwe kule kwenye kufua mashuka ya hospitali? Na wale wawili, bado wanagombania kiti cha dirishani?

Sisi huku ni wazima wa mwili. Shemeji yako macho yanamwasha kwa moto wa kuchomelea vyuma, na miwani aliyonunuliwa anaivaa juu ya kichwa kama kofia. Shangazi yetu magoti yanamsumbua. Ulimi haujamsumbua hata siku moja. Mimi nimerudi darasani. Wanafunzi walisimama wakanipa pole, wakaketi, na somo likaendelea kama linavyopaswa kuendelea.

Habari za mazishi ya Baba ulizipata kwa simu, na simu haikuumbwa kwa ajili ya mambo ya namna ile. Ulilia, nami nikalia, salio likaisha. Lakini kabla halijaisha uliniuliza jambo moja: je, Baba alikufa akikungoja? Sikukujibu. Kisha ukasema kwamba vibali vyako vya kuishi huko vikitoka utakuja kimya kimya, uingie kwa mlango wa uani, ulione kaburi, uondoke kabla ndugu hawajakuona. Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile. Barua hii ni jibu la swali lako, na ni jibu la huo mpango wako pia.

Ili nikujibu, sina budi kuanzia kwenye gemu lako. Wifi asishangae. Watoto nao hawakubahatika kumwona babu yao, basi wamsikie.

Babu yenu, wanangu, alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha rangi, na mtaa mzima ulimwita Tochi, kwa sababu hata mchana alitembea nayo mfukoni. Asubuhi alirudi na viatu vyenye madoa ya rangi, akamkuta baba yenu mbele ya kompyuta, akicheza mchezo wa mtu anayenyata. Mtu huyo tulimpa jina la Bwana Kimya. Kazi yake ilikuwa kupenya kwenye maghala yanayolindwa, kujibanza gizani, kurusha vijiwe ili walinzi wageuke, na kutoka upande wa pili bila kuonekana. Mtoto wa mlinzi, katika nyumba ya mlinzi, akicheza kuwakwepa walinzi. Mama, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akashika ukuta.

Baba hakucheka. Alivuta kiti, akashika kikombe chake cha chai, akaanza kuwakagua wale walinzi kama msimamizi wa zamu. Unakumbuka, mdogo wangu? Bwana Kimya akigonga ukuta, mlinzi husogea, hutazama, kisha husema maneno ambayo wewe ulimtafsiria Baba: kwamba labda ni upepo. Baba akaweka kikombe chini. "Tangu lini upepo ukabisha hodi? Huyu afukuzwe kazi leo." Kila mlinzi aliyeacha nafasi yake kwa ajili ya kijiwe alimtia uchungu wa kweli. Na kila ulipokamatwa, alipiga makofi, wewe ukanuna.

Ndipo alipoiweka ile sheria. Siku hiyo Bwana Kimya alimjia mlinzi kwa nyuma na kumpiga chini, na Baba akainuka, akazima kioo cha kompyuta kwa mkono wake. Hakufoka. Alisema humu ndani hakuna mlinzi atakayeguswa, kwa sababu yule ana watoto nyumbani wanaomngoja asubuhi. Ukabisha kwamba ni picha tu. Akasema hata picha ina watoto. Tangu hapo ukajifunza kucheza kwa namna ambayo rafiki zako hawakuielewa: kupita ghala zima pasipo kumgusa hata mmoja. Walikucheka. Lakini mimi niliona jinsi Baba alivyokutazama ulipofika mwisho wa ghala la kwanza kwa sheria hiyo.

Lango la mwisho peke yake ndilo lililokushinda. Mlinzi wake hakufuata kijiwe, hakufuata hodi, hakusema ni upepo. Alisimama mahali pake, kwenye mwanga, akatazama mbele. Baba alimpenda kuliko wote. "Huyo," alisema, "ndiye mlinzi." Safari yako ikafika kabla hujampita. Ulimwacha Bwana Kimya amechutama nyuma ya makasha, ukamwambia Baba kwamba utarudi umalizie. Alikuitikia kwa kichwa tu, maana begi lilikuwa tayari mlangoni.

Sasa nije kwenye ugonjwa wake, ambao kwenye simu nilikupunguzia makali. Ulianza kwa vitu vidogo. Alitia chumvi kwenye chai, akainywa bila kulalamika. Akawa anamwita shemeji yako dereva na kumuuliza gari limebeba nini. Kisha siku moja, katikati ya mchana, akaniomba niwashe kompyuta yako. Niliifungua pale ulipoachia. Bwana Kimya alikuwa bado nyuma ya makasha, anahema, mabega yakipanda na kushuka, na walinzi wakipita huku na huko. Baba aliketi mikono magotini, akamtazama mpaka jua likahama dirishani.

Ikawa ndiyo desturi yake. Hakutaka mtu aguse kitu. Nikisogeza mkono, alinizuia akisema nimwache, akitoka sasa hivi watamwona. Mwanzoni nilidhani anaufurahia mchezo. Lakini siku moja aliniuliza, bila kuondoa macho kwenye kioo, "Mwanangu huyu amekula?"

Mdogo wangu, nilifanya kama mwalimu. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba ile ni picha, kwamba mwanawe yuko mbali, ana kazi, ana mke na watoto, na yuko salama. Alinisikiliza vizuri, kisha akaanza kulia, kwa sababu kwake ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba umeondoka. Kesho yake aliuliza tena, nikaeleza tena, akalia tena. Shangazi akanivuta jikoni. "Hebu acha kufundisha," aliniambia. "Yule anataka kujua kama mtoto amekula. Mwambie amekula." Muuguzi aliyekuwa akija kumpima alisema yaleyale kwa lugha ya kitabibu. Basi ulikula, ndugu yangu, kila siku, nyuma ya yale makasha, na nilimtajia hata ulichokula.

Hata hivyo hakupata raha. Alizidi kudhoofika, na kadiri alivyodhoofika ndivyo alivyoona kwamba muda wako pale umezidi. Chakula chake alianza kukisukuma. Alisema hawezi kula na mtoto yuko nje. Akaniomba nikutoe.

Hapo ndipo nilipokupigia simu kukuuliza namna ya kupita lango lile. Ulicheka, ukaniuliza kama nimeanza utoto uzeeni. Ulinielekeza vitufe vya kutembea na vya kuinama, kwa haraka, kwa kuwa ulikuwa kazini, kisha ukasema: "Dada, mpige tu huyo mlinzi kichwani. Mzee haoni." Nakuomba usijilaumu kwa neno hilo. Hukujua kwamba simu ilikuwa mezani, sauti nje, na kwamba Baba ameketi ubavuni mwangu. Ulipokwisha kukata, aligeuka akaniambia, "Sauti hiyo naijua." Akaisogeza simu pembeni. Kisha, "Mwambie asimguse yule. Ana watoto."

Nikajaribu bila kumgusa. Mikono yangu ni ya chaki, hilo walilijua hata wale walinzi. Nilikamatwa pembeni mwa mapipa, nikakamatwa chini ya ngazi, nikakamatwa hata mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kila mara king'ora kililia, na Baba akaziba masikio kwa viganja. Nikaipunguza sauti mpaka ikafa kabisa, nikaanza upya kutoka nyuma ya makasha.

"Kwa nini anajificha?" Baba akauliza.

Nikamwambia anamwogopa mlinzi.

"Mlinzi gani?"

"Yule wa langoni, Baba."

Akasogeza kiti. Akaikaribia picha ya yule mlinzi mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaitazama kofia, akatazama jinsi alivyosimama. Alipoegemea tena, uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa asubuhi, wa kikombe cha chai.

"Langoni niko mimi," alisema. "Mwambie atoke."

Najua kompyuta haina moyo. Nilijua kwamba Bwana Kimya akiingia kwenye mwanga ule, yule mlinzi atafanya kazi yake. Lakini nilimwinua. Kwa mara ya kwanza tangu uondoke, alisimama wima, akatoka nyuma ya makasha, akatembea katikati ya uwanja kama mtu anayekwenda kwao. Baba akainua mkono wake wa kulia, kiganja juu, vile alivyokuwa akiwaruhusu madereva wa malori kiwandani. "Pita, mwanangu," alisema. "Pita tu."

Kabla mguu haujafika kwenye mwanga, kidole changu kilibonyeza kitufe cha kioo, kitufe kilekile alichokibonyeza yeye siku ya sheria. Kukawa na giza, na ndani ya giza hilo nikaona nyuso zetu sisi wawili.

"Ameshapita?"

"Ameshapita, Baba."

"Hajaguswa mtu?"

"Hajaguswa mtu."

"Basi," akasema, na akaomba chai. Aliinywa yote. Hakuitaja kompyuta tena. Siku chache zilizofuata alikuwa akilala mchana kama alivyokuwa akilala zamani, akitoka zamu, na ni katika usingizi huo, asubuhi moja, jua likiwa limeshaingia chumbani, alipotuacha.

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Alikungoja, sitakudanganya, alikungoja kwa uchungu mwingi. Lakini hakufa akikungoja. Alikufa akijua kwamba umepita, na kwamba ni yeye aliyekupitisha.

La pili. Ni kweli watu walisema. Baba mdogo alinung'unika mbele ya waombolezaji kwamba mtoto wa kiume ni mmoja, na hata koleo moja la udongo hakutia. Shangazi akamuuliza, kwa sauti ya kusikika na viti vya nyuma, yeye aliyetia udongo alikuja mara ngapi kumtia mgonjwa uji mdomoni. Nilipoitwa kusema machache, niliacha yale niliyoyatayarisha, nikawasimulia watu habari ya Bwana Kimya, na ya sheria ya kutomgusa mlinzi. Wazee waliofanya kazi naye kiwandani walicheka, kisha wakainamisha vichwa. Baba mdogo alinifuata baadaye, akasimama kando bila kunitazama, akaniomba namba yako. Kama hajakupigia, ni kwa sababu anaona haya. Mpigie wewe.

Kompyuta iko hapa mbele yangu. Shemeji yako aliichomoa waya siku ya msiba ili viti vienee, na sijairudisha. Sikuhifadhi chochote siku ile, kwa hiyo najua kilichomo: mtu atakayeiwasha atamkuta Bwana Kimya amerudi nyuma ya makasha, amechutama, anahema. Mwache yeye hapo. Yeye ni picha.

Wewe usije kwa kunyata. Vibali vikitoka, hata kama ni baada ya miaka, njoo mchana, na wifi na watoto, na mabegi yenu yote, mpite mlango wa mbele watu wakiona. Mlango wa uani nitaufunga mwenyewe. Wa kukukamata hayupo. Aliyekuwa langoni alikwisha kukuinulia mkono.

Shangazi anakusalimu, na anasema umnenepeshe wifi. Shemeji yako anakusalimu. Kaburi amelizungushia uzio wa chuma alioufua mwenyewe, na kijilango chake hakina kufuli. Wapokee wanangu busu la shangazi yao, kila mmoja lake, wasigombanie. Tochi ya Baba nimekuwekea. Betri nimezitoa zisije zikavuja.

Mwenyezi Mungu awe mlinzi wa mlango wenu, asiyesema ni upepo.

Ni mimi nikupendaye, nikikutazamia mlango wa mbele,

Dada yako.