Aliyeingia Kwanza

Kiboriloni, Moshi
12 Septemba 2024

Kaka yangu mpendwa Elifuraha,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Marangu, pamoja na wifi Brenda na watoto. Mimi mwili haujambo, ila usingizi umenipotea. Mama naye anaendelea vizuri. Mguu umepungua uvimbe, na tangu uache pombe anaimba mpaka ng'ombe wamemchoka.

Ujumbe wako niliupata. Unataka Jumapili nisimame nawe kanisani ukitoa shukrani ya miezi sita bila kugusa tone. Umeona kimya, ukadhani naringa. Siringi, kaka. Nimebanwa, na kwenye simu nisingeweza kumaliza hata sentensi moja.

Kazi yangu ya kliniki unaijua: tunatafiti kama vikao vya ushauri vya kila wiki vinawasaidia watu kuacha pombe kuliko huduma ya kawaida, yaani maneno ya daktari ya siku moja na kijitabu. Ili tusimpendelee mtu, kila anayefika hufunguliwa bahasha iliyofungwa, kwa namba na kwa zamu. Ndani limeandikwa kundi lake. Hata Daktari Priska, mkuu wetu, hajui kilichomo.

Juzi nilitumwa Kilema kumhoji baba mmoja wa kundi la kijitabu. Jina lake silitaji, ni siri ya kazi. Fomu inauliza amekunywa chupa ngapi kwa wiki. Alicheka, akaniuliza kata ya pombe ya mbege ikizunguka watu saba kwenye shughuli ya ukoo, yeye ahesabu chupa ipi. Nikaandika kwamba hawezi kukadiria. Mkewe akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha migomba iliyomezwa na magugu na zizi lisilo na ng'ombe. Tulipokuwa tunaagana yule baba aliniomba nimwingize kwenye vikao. Nilimjibu nilivyofundishwa, kwamba hairuhusiwi mpaka utafiti uishe, mwezi wa sita mwakani. Nilisubiri anitukane. Badala yake alisema, "Wewe nakushukuru. Siku ile uliniona nimechoka, ukaniingiza mbele ya mwenzangu. Sijasahau."

Huyo mwenzake ni wewe, kaka.

Nilipaswa kusema tangu mwanzo kwamba wewe ni ndugu yangu, nikakaa kando. Sikusema. Zile bahasha za mwanzo zilikuwa nyembamba. Asubuhi ile, kabla sijakuita, niliinua yako dirishani, jua likapenya, nikasoma: kijitabu. Nikainua iliyofuata: vikao. Nikamkumbuka Mama akikutoa mtaroni, viatu huna, na watu wanaangalia. Nikatoka nje nikamwambia yule baba aingie yeye kwanza kwa kuwa ametoka mbali. Wewe ukanitania kwamba nakuonea.

Sasa Jumapili utasimama useme Mungu alikuchagua. Nitakuwa pembeni yako nikijua aliyechagua ni nani. Nikifungua mdomo, nitamvunja Mama moyo mbele ya usharika mzima. Nisipofungua, kila siku nakuta faili lako na lake yamepangwa pamoja, namba zikifuatana, na ripoti itasomwa na watu watakaoamini tulitenda haki. Naona aibu, kaka, na sioni pa kutokea.

Jumapili nitakuja, kwa sababu umeniomba. Jumatatu nitamweleza Daktari Priska. Huenda nikafukuzwa, na majibu yako yakaondolewa kwenye utafiti. Wewe amua mwenyewe utakachosema kanisani. Ukinikasirikia, njoo hapa Kiboriloni unigombeze mpaka uchoke, lakini usiende kilabuni. Ukirudia pombe kwa ajili ya barua hii, nafasi ya yule baba tutakuwa tumeichukua bure.

Wifi na watoto wape salamu zangu nyingi. Mama usimwambie bado, hilo niachie mimi.

Mdogo wako,
Eunike