Farasi Aliyegoma Kutokea

Shoga yangu Burulsun, nimeaibika! Asubuhi nzima mchezo ninaoutengeneza kwenye kompyuta unaniambia picha ya farasi haipo. Haipo vipi, na mimi naiona kwenye folda?

Wifi Jypar akaja. "Nisomee, picha iko folda gani?"

Kompyuta ni ya baba mkwe, na folda ina jina lake. Nilitamke, mimi mkaza mwana, nivunje mwiko?

"Soma basi, bibi harusi!"

"Folda ya... Baba."

"Usiniambie na kwenye programu umeandika Baba!"

Nimeandika Baba! Ningeandika nini?

Wifi alicheka mpaka baba mkwe mwenyewe akaja. Akaliandika jina lake kwa kidole kimoja. Farasi akatokea!

Sasa anataka yeye mwenyewe ampande farasi huyo mchezoni. Picha yake nayo nitaiitaje, Burulsun?