Mzee Harold Mdaka Mpira na Jani la Isale

Kwa Kaka Severini,

Shikamoo kaka. Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinua watu. Mguu wa mama unaendeleaje tangu atoke hospitali ya Mawenzi? Na sukari inapatikana dukani kijijini, au chai bado mnainywa hivyohivyo? Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Miaka minne hatujaandikiana, tangu uliponiambia nimesogeza masale, mimea yetu ya mpaka wa kihamba, shamba alilotuachia baba, nami nikaapa mbele ya mama kwamba sijayagusa. Usiichane barua, tafadhali. Isome mpaka mwisho.

Kazi yangu ni ileile, kuhudumia wazee, ambao huku Amerika huwekwa nyumba moja kama wanafunzi wa bweni. Mwezi uliopita tulimzika mmoja, Mzee Harold, na nimeumia kweli. Alikuwa mcheza besiboli wa kulipwa. Ni mchezo wa rungu na mpira mgumu: mmoja anarusha, mwingine anapiga, na nyuma yake kuna wa kudaka, amechuchumaa. Harold alikuwa mdakaji. Miaka kumi na minne kachuchumaa! Magoti yalikwisha, vidole vikapinda kama tangawizi. Mtoto wa vibarua wa shamba la mahindi, akala na kuvaa kwa kudaka mpira. Nilipomwambia kwetu mtu akicheza mpira anaulizwa kazi atafanya lini, alicheka sana, akasema hata baba yake alimuuliza hivyohivyo. Mwili ulipochoka akaenda kuuza matairi ya matrekta. Kila asubuhi nikimvalisha soksi alikuwa ananisimulia hayo, nami namsimulia kahawa na migomba yetu.

Jambo moja hakupenda kuligusa: mwanawe. Kijana naye alikuwa mdakaji. Wakubwa wa timu walimkataa, akamshuku baba yake kwamba ndiye aliyemchongea. Harold akakana. Wakanyamaziana miaka kumi na moja.

Siku moja mwana huyo akaja, kabeba kopo la maua. Kaka, nilishtuka. Ndani yake mlikuwa na isale! Isale hasa, kama yale ya mpakani kwetu. Nikamwambia mzee, "Huna ruhusa ya kukataa. Ameleta isale, lazima umsamehe!" Mwana akanitazama kama nimerukwa na akili. Kumbe huku linauzwa dukani, pambo la sebuleni tu! Aibu ilinishika. Ikabidi nieleze kwamba kwetu mwenye kosa ndiye hupeleka jani hilo, na anayepelekewa hawezi kukataa.

Harold akalisukuma kopo kwa vile vidole vyake mpaka likafika kwa mwanawe.

"Basi hili ni lako," akasema. "Ni mimi niliyewaambia hufai. Ulikuwa unafaa. Sikutaka unipite."

Mwana alilia, akatoka nje. Nikajua nimeharibu. Lo, kesho yake akarudi, na keshokutwa pia, akawa anamnyoa baba yake ndevu mpaka mzee alipofariki, wiki tatu baadaye.

Kaka, yule mzee alibakiwa na wiki tatu. Mimi sijui nina ngapi. Masale niliyasogeza mimi, hatua tatu upande wako, ulipokuwa Chekereni kwenye mpunga. Niliapa uongo, na mama akaniamini mimi, akakusema wewe mbele ya majirani. Roho inaniuma. Jani likija kwa posta litaoza, kwa hiyo nimemwandikia baba mdogo alichume palepale mpakani akuletee. Usisubiri nirudi. Masale yang'oe, uyapande yalipokuwa.

Nisalimie shemeji, na watoto wote, na shangazi mpika pombe ya mbege, mwambie bado nakitamani kiburu chake cha ndizi na maharage. Mama mpe shikamoo yangu, kisha msomee barua hii yote kwa sauti. Usiruke mahali.

Mdogo wako mwenye kosa,
Anseli