Bi Vyeti na Mkataba wa Mjomba

Shikamoo, mama mshauri. Naomba unishike mkono maana nimechoka, nilimaliza shahada ya sheria nikadhani mambo yamenyooka, kumbe kila ofisi ya mawakili inataka mwenye uzoefu, basi nikaongeza cheti cha usuluhishi, nikaongeza cha sheria za kazi, nikaongeza cha kuandaa mikataba, mpaka nyumbani wananiita Bi Vyeti, na kaka yangu akiona bahasha anauliza, "Hicho nacho tukitundike wapi, ukuta umejaa!" Juzi wakili mmoja mwenye haraka zake alivipitia vyote akasema, "Vizuri, binti. Sasa nionyeshe ulichokifanya." Nikakusanya karatasi zangu nikaaga, kwa sababu sijafanya chochote zaidi ya kumsaidia mjomba fundi cherehani, aliyeletewa mkataba mpya wa pango la duka nikaona una kifungu cha kumtoa bila notisi, nikaandika kingine, nikazungumza na mwenye nyumba, wakatia saini, lakini hayo ni mambo ya nyumbani tu. Kuna kozi nyingine, uandikishaji unafungwa leo. Nijiunge, au niachane na sheria nikauze nguo?

Bi Vyeti

Marahaba, mwanangu. Kosa la wengi wanaomaliza sheria ni kudhani cheti kitawasemea mbele ya mwajiri. Cheti kinasaidia, usikibeze: kikifanana na kazi za ofisi ile, kinakupatia nafasi ya kuulizwa. Wakili yule hakupitia karatasi zako kwa huruma. Ila akishauliza, anayejibu ni wewe.

Na hapo ndipo nakugombeza. "Mambo ya nyumbani tu"? Umekiona kifungu ambacho mjomba angekitia saini huku akijipangusa nyuzi, umekaa na mwenye nyumba bila kugombana, umeandika maneno ambayo wote wawili wameyakubali, na cherehani bado inalia pale pale. Mwanangu, hiyo ndiyo kazi ya wakili! Nimeisoma barua yako mara ya pili kwa raha zangu. Jicho hilo umelipata kwenye kozi ya mikataba. Kwa hiyo imekufaa, wewe tu hujajua.

Kozi mpya iache ipite. Sheria usiiache. Mjomba akiridhia, funika majina, weka kifungu cha zamani na chako ubavuni, ukaombe nafasi ya kujifunza kazi.

Leo, mpigie wakili yule simu.