Bosi Aliye Kipevu

Saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, Jerioth, simu ya bosi ilikuwa bado hewani.

Hewani! Bosi wetu Dishon alikuwa ametoka kuwaambia wasikilizaji wa redio kwamba yuko Kipevu, kule bandarini, katikati ya foleni ya malori.

Mtangazaji wetu Lenox akaweka wimbo, akazima spika ya studio, akaamini simu imetoka hewani. Spika ile ni ya masikio yetu tu. Kwenye mikisa, mtambo unaopeleka sauti hewani, sauti ya simu ilikuwa juu kabisa.

"Mkubwa, jua la Kipevu vipi?" Lenox akamuuliza.

"Kipevu gani, we? Niko kitandani, nyumbani Mkomani. Watajuaje hawa?"

Nikamwonyesha Lenox taa nyekundu ya simu, kwamba bado iko hewani. Akaniinulia dole gumba.

Dole gumba, Jerioth.

Dereva mmoja wa lori akapiga simu: "Hamjambo studio. Mwambieni bosi wenu tumemwekea nafasi kwenye foleni, aje na shuka lake."

Sasa Dishon anataka niiandikie bodi kwamba mitambo iliharibika, la sivyo kesho nisije kazini. Mitambo niliyoifunga mimi!

Nimeandika: "Mitambo ilifanya kazi barabara. Simu haikushushwa kwenye mikisa." Nikaambatanisha rekodi.

Saa tano na dakika tatu nimeituma kwa bodi.