Vibandiko Ishirini na Vinne Juu ya Paa la Jirani

Kwako Shangazi Filda,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu, mlango nimeutia komeo, na kama si hofu ya tarehe ishirini na nane nisingekusumbua, maana kila Jumamosi nasoma unavyowakaripia watu gazetini nacheka peke yangu, basi leo zamu yangu imefika, nikaripie lakini unisaidie.

Mimi ni mke wa askari polisi mstaafu, Sajenti Obwona, tunaishi Bwaise mwaka wa kumi na moja huu, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Séraphine, Mkongo wa Butembo, muuza vitenge, na mumewe Kakule ni fundi viatu, watu wa kanisa, watu wazuri, nasema wazuri kwa moyo wangu wote, kwani mama yangu alipofariki huko Kitgum ni Séraphine aliyewapikia mume wangu na binti yangu Akot majuma mawili mazima, hata niliporudi Afande akaisifia sombe yake, kisamvu cha Kikongo, mpaka nikamwambia basi hamia huko.

Sasa mvua za mwaka juzi zilipokaribia, Kakule alileta kifusi cha udongo mwekundu, magari matatu, akauinua uwanja wake wote, na wewe unaijua Bwaise yetu, maji lazima yakae kwa mtu, zamani yalikaa kwao na kwetu nusu kwa nusu, tangu siku ile yakawa yangu yote, nikaamka nikakuta masufuria yanaelea na faili la Afande la pensheni limekuwa uji, na mimi Shangazi nilitoka nje miguu imelowa nikamkuta Séraphine anafagia uwanja wake mkavu, nikamwambia habari ya asubuhi, akanijibu nzuri mama, poleni na maji, nikasema tumezoea, nikatabasamu, nikaingia ndani nikalia kwa hasira. Nilikaa na hasira hiyo miezi minane na kila siku tuliazimana chumvi.

Ndipo gari la kipaza sauti likapita likitangaza kwamba jiji linarekebisha mpango wake wa matumizi ya ardhi wa miaka arobaini ijayo na kila mwananchi aje atoe maoni yake, na kila nyumba ikapewa kadi moja ya kuingilia, na Séraphine akaja na kadi yake mkononi akaniambia, "Mama Akot, ile Luganda yao mi sijuwi, na Jumatano iko siku yangu ya soko. Kamata hii karti yangu, unisemee na miye. Si tuko mutu moja?" Nikaipokea. Naapa wakati naipokea sikuwa na nia mbaya yoyote.

Kikao kilikuwa katika ukumbi wa shule, tukapewa fulana zimeandikwa Jiji Langu, Sauti Yangu, tukahutubiwa kuanzia saa tatu mpaka saa saba, mzee mmoja akasimama kuuliza taka za wiki iliyopita zitachukuliwa lini, akaambiwa swali lake ni zuri sana lakini ni la leo, na kikao hiki ni cha miaka arobaini. Halafu tukagawanywa kwenye meza, kila meza ikapewa ramani kubwa iliyopigwa picha kutoka juu, paa lako unaliona, hata kamba ya nguo unaiona, na kila kadi ikapewa vibandiko, kijani ni bustani, njano ni soko, buluu vitatu ni mahali unapotaka mtaro mkuu wa maji upite. Na madamu mtaalamu aliyekuwa anatuongoza akatangaza kwamba meza itakayomaliza kwanza ndiyo itakayotangulia kwenye chakula, na harufu ya kuku ilikuwa imeshaingia ukumbini.

Shangazi, nililiona paa la Séraphine. Nililiona na ule uwanja wake mwekundu umevimba, nikasema moyoni, wewe unayependa kunisukumia maji, ngoja yapite sebuleni kwako, nikabandika buluu yangu ya kwanza juu ya bati lake, na raha niliyoisikia sikuisikia hata siku ya arusi yangu. Nikabandika ya pili na ya tatu. Halafu nikachukua kadi ya Séraphine mwenyewe nikabandika zake tatu palepale. Tulikuwa watu saba mezani na wale wengine walikuwa wanatazama kuku, mwenyekiti wetu wa mtaa Mzee Kamis akanisukumia za kwake akasema, "Mama, bandika tu upesi, hii karatasi hakuna mutu tasoma," na wenzake wakafuata, nami nikabandika zote mpaka paa halionekani, ishirini na nne.

Madamu akaja, akatazama, akashika kifua kwa furaha, akasema katika vikao vyote alivyoongoza hajaona jamii iliyokubaliana namna hii, akanisimamisha nieleze mbele ya ukumbi, na mimi badala ya kukaa chini nikasema sisi wakazi tumetafakari kwa kina tukaona maji yenyewe yanataka kupita hapa. Wakanipigia makofi, wakanipiga na picha.

Nilidhani yameishia hapo, kama mikutano yote. Shangazi, mwezi uliopita rasimu imebandikwa nje ya ofisi ya mwenyekiti na mstari wa buluu umepita katikati ya nyumba ya Séraphine, umeandikwa Mtaro wa Jamii, na chini yake kuna picha yangu nacheka, kidole kimeelekea paa lake, na pembeni kuna orodha ya waliopendekeza, jina la nne ni Séraphine. Pia wamesema pande zote mbili za mtaro lazima iachwe nafasi wazi ya mita kumi, hiyo itachukua jiko letu na chumba cha Akot, lakini si hilo linaloniumiza. Picha yangu niliibandua siku ileile nikaila, yaani niliitafuna kweli, lakini nakala nyingine ziko mjini.

Séraphine alikuja akilia akaniuliza, "Ile siku ulikuwako, Mama Akot. Ni nani alinifanyia hivi? Hauliona mutu?" na mimi nikasikia mdomo wangu unasema sikuona mtu, labda ni kompyuta. Sasa Kakule ameshika kwamba aliyefanya ni Tarcisio, mfuga nguruwe wa nyuma yetu, kwa sababu waliwahi kukosana juu ya harufu, hamsalimii tena, na juzi Tarcisio alikuta banda lake limefunguliwa na nguruwe wametawanyika barabarani. Na Séraphine ameniomba mimi, kwa kuwa najua Kiingereza, nimwandikie barua ya pingamizi, na pingamizi mwisho wake ni tarehe ishirini na nane. Mzee Kamis anasema ninyamaze, Afande anasema kikazi hakuna ushahidi, na nikimkumbusha kwamba vibandiko vyote vina alama za vidole vyangu anasema basi usitoe vidole. Nauliza, je, naweza kumwandikia hiyo barua vizuri kabisa, kwa Kiingereza kizito, niseme tu jamii imebadilisha mawazo, bila yeye kujua mkono ulikuwa wa nani? Nampenda yule mwanamke. Silali. Tafadhali jina langu usiliandike.

Ni mimi,
Mwenye Aibu, Bwaise

SHANGAZI FILDA ANAJIBU

Majina yote nimeyabadilisha, Mwenye Aibu, ingawa mwanamke anayetafuna picha yake hadharani sijui anajificha kwa nani.

Nianze na pole, maana pole unastahili. Najua maji ya Bwaise. Nimekaa kambi za polisi miaka kumi na minane, na faili la pensheni likilowa, mwanamke ndiye anayepanga foleni kulitafuta jingine. Hasira yako ilikuwa na haki kabisa. Tatizo ni kwamba ulimtabasamia mwenye kosa, kisha ukaipeleka hasira yako kwenye mpango wa miaka arobaini. Kwa jirani ungetembea hatua ngapi? Sita? Ungesema, "Séraphine, kifusi chenu kimenifurikisha," mngegombana siku tatu, Kakule angechimba mfereji mdogo wa pembeni, yakaisha. Badala yake ukangoja uletewe ramani na kuku.

Na usinidanganye mimi. Barua yako ndefu, lakini jiko na chumba cha Akot umevipitisha mbio, kisha ukasema si hilo linalokuumiza. Rasimu ilitoka mwezi uliopita, Séraphine alilia mbele yako, na barua hii umeiandikia jikoni. Kama mita kumi zingeishia ukutani kwake, ningeipata? Jibu unalo, sikuhitaji uniandikie. Lakini sikulaumu sana kwa hilo, watu wengi huona nyumba ya jirani inabomolewa pale tu vumbi linapoingia kwenye chakula chao.

Wale wa jiji nao nina neno lao, kama gazeti hili huwafikia hata kwa kufungia karanga. Watu wanapimwa maoni kwa kasi ya njaa yao. Vibandiko ishirini na vinne vinalundikana juu ya bati moja na mtaalamu anashika kifua kwa furaha, haulizi bati ni la nani wala kama mwenyewe yumo ukumbini. Mkutano unafanywa kwa lugha ambayo nusu ya mtaa haiijui, halafu jina la asiyekuwepo linaandikwa la nne. Na mtaro wenyewe umechorwa juu ya uwanja uliopandishwa kwa magari matatu ya kifusi! Ndugu zangu, maji hayapandi juu kwa sababu jamii imekubaliana.

Sasa sikiliza, maana leo tarehe imeshafika ishirini na moja.

Hiyo barua ya jamii imebadilisha mawazo isahau. Fikiri kidogo kama mke wa polisi. Huko mjini kuna faili, ndani ya faili mna makubaliano ya jamii, picha yako, makofi na jina la Séraphine mwenyewe. Akipeleka barua ya kulia nyumba yake, wataisoma, watamwonea huruma, watamwambia mama, hata wewe ulipendekeza. Mwisho wa habari. Kuna kitu kimoja tu kinachoweza kuyavunja makubaliano hayo, nacho ni mtu wa kusema: hapakuwa na makubaliano, ulikuwa mkono mmoja wenye hasira, na vibandiko vitatu kati ya hivyo ni vya mwanamke aliyekuwa sokoni. Mtu huyo ni wewe. Hakuna mwingine. Unachotaka kumficha ndicho kitakachomwokoa, kwa hiyo huwezi kumsaidia na kujificha kwa pamoja.

Nenda kwake leo jioni. Usibebe zawadi, atadhani mmefiwa. Mwambie kwa mdomo uleule uliosema kompyuta. Anza na vibandiko, maliza na vibandiko, na habari ya kifusi usiitaje kwanza, maana ukianza nayo utakuwa unajitetea. Hiyo ina siku yake, na siku hiyo umwambie wazi, Kakule naye akiwepo, kwa sababu mtaro ukihamishwa leo, mvua ya Machi bado itakukuta chini.

Ukitoka kwake pitia kwa Tarcisio. Nguruwe wa watu wametawanywa kwa ajili yako. Umweleze yeye, na umweleze Kakule kwamba umemweleza.

Kisha andika pingamizi kwa jina lako, uweke sahihi, namba ya kitambulisho na idadi ya vibandiko. Eleza jinsi ulivyovipata, kadi kwa kadi. Mzee Kamis naye atie sahihi kwamba alikupa vyake. Akikataa, mkumbushe kwamba karatasi ile aliyosema haitasomwa sasa imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi yake. Ombeni wapimaji waje wautazame uwanja kwa miguu, siyo kutoka angani, na ombeni kikao kingine chenye mkalimani wa Kiswahili, chakula kiliwe kabla. Barua ipeleke mwenyewe ofisi za jiji, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, maana barua isiyo na muhuri huko kwao haijazaliwa. Afande amezoea kaunta za serikali, aende nawe akasimame hapo mpaka muhuri ugongwe. Itakuwa kazi ya maana kuliko kukufundisha kuficha vidole.

Unaniuliza kimoyomoyo, je, Séraphine atanisamehe? Sijui. Huenda akakurushia kifagio, huenda asikusemeshe mpaka Akot aolewe. Hilo ni lake, usimharakishe wala usimlilie akubembeleze. Akikufukuza leo, rudi kesho. Akikufukuza kesho, iandike barua peke yako, uipeleke peke yako, nakala yenye muhuri uipitishe chini ya mlango wake. Bora akuchukie miaka arobaini akiwa ndani ya nyumba yake, kuliko akupende mpaka siku ya tingatinga.